Umeme wa uani na koridoni: jinsi ya kumlinda mtoto katika nyumba ya wapangaji wengi

Ndani ya chumba chako unajua kila soketi na kila waya. Unajua pasi iko wapi na unajua usimwache mtoto peke yake karibu nayo. Lakini mtoto haishi chumbani tu. Anacheza uani, anakimbia koridoni, anakwenda choo cha pamoja, anashika kamba ya kuanikia nguo, anachezea maji kwenye bomba. Huko nako kuna umeme, na mara nyingi hakuna mtu hata mmoja anayeuangalia.

Makala hii ni ya mama, baba, bibi, dada wa kazi na mlezi yeyote anayeishi katika nyumba ya vyumba vya kupanga au ghorofa lenye familia nyingi hapa Tanzania. Inaeleza jinsi ya kutambua hatari, nani wa kumwambia, na la kufanya mtu akipigwa na umeme.

Kwa ufupi

- Kila anayeishi katika nyumba ajue swichi kuu ilipo, na aweze kuifikia bila kutafuta ufunguo.
- Kutekenywa au kusisimka unapogusa bomba, friji, mlango wa chuma au kamba ya nguo ni dalili ya hatari. Zimeni umeme na muite fundi siku hiyohiyo.
- LUKU ikiisha, waya bado ni wa kuogopwa. Umeme unaweza kurudi wakati wowote.
- Usimguse mtu aliyenaswa na umeme. Zima kwanza.
- Mtoto aliyepigwa na umeme apelekwe kituo cha afya hata kama amenyamaza na anacheza.

Kwa nini mtoto huumia zaidi

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Kinachoamua kama mtu atashtuka tu au atakufa ni kiasi cha umeme kinachopita mwilini na muda unaopita. Umeme wa milliampea 30 tu, yaani kiasi kidogo sana, ukipita kifuani kwa muda unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi fulani. Ngozi yenye maji haizuii hivyo. Mtu mzima aliyevaa ndala kavu anaweza kugusa bomba lenye umeme unaovuja akahisi kutekenywa tu, akaenda zake. Mtoto asiye na viatu, aliyesimama kwenye sakafu yenye maji, akigusa bomba lilelile anaweza kunaswa. Kwa hiyo usiseme, "Ni umeme mdogo tu." Umeme ni uleule. Kilichokuokoa wewe ni ndala.

Umeme pia hukaza misuli. Mtoto aliyeshika waya au kamba yenye umeme huenda asiweze kuachia mkono wake, na huenda asiweze kupiga kelele.

Hatari zinazopatikana katika maeneo ya pamoja

Pita na mpangaji mwenzako mchana, mkague pamoja. Msiguse kitu. Angalieni kwa macho, sikilizeni, na nuseni.

Kamba ya kuanikia nguo. Kamba ya waya wa chuma iliyofungwa kwenye bati, kwenye nguzo ya umeme au karibu na waya unaoingia ndani ya nyumba ni hatari kubwa. Waya wa umeme ukichubuka na kugusa bati, bati lote hupata umeme, na kamba nayo hupata. Mama anayeanika nguo mbichi huku mtoto akiwa mgongoni anaweza kunaswa pamoja naye. Tumieni kamba ya nailoni au ya katani, na ifungwe kwenye miti au nguzo za mbao, mbali na bati na waya wowote.

Choo na bafu vya pamoja. Angalieni waya wa taa uliopitishwa juu ya ukuta au bati, holda iliyovunjika, na swichi iliyo ndani ya bafu. Swichi ya bafuni inafaa iwe nje ya mlango. Hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo isitumike bafuni wala koridoni watoto wanapopita. Kama mtu anaitumia, achomoe kwenye soketi kwanza ndipo aitoe ndani ya maji. Asipime joto la maji kwa mkono wakati hita imechomekwa.

Ekstensheni iliyopita dirishani. Mara nyingi hupeleka umeme kwenye friza ya barafu kibarazani, saluni ya nje au chumba kisicho na umeme. Waya uliobanwa na dirisha au mlango huchubuka taratibu. Ukipita chini ya kapeti au chini ya matofali, joto hukosa pa kutokea.

Soketi ya koridoni. Soketi moja ya ampea 13 inaweza kubeba kama wati 3,000. Jagi la umeme peke yake linaweza kuchukua wati 2,000, na pasi wati 1,000 au zaidi. Vikichomekwa pamoja na friji kwenye ekstensheni moja, waya hupata moto ndani kwa ndani kabla hamjaona moshi.

Pampu ya maji na tangi. Waya wa pampu uliounganishwa kwa tepu na kulala kwenye tope ni hatari kwa kila anayechota maji. Pampu izimwe kwanza ndipo mtu ashike maji, bomba au ndoo.

Mbao ya swichi na mita. Angalieni kama kifuniko kipo, kama kuna nyaya zilizo wazi, na kama mchwa, mjusi au maji ya mvua huingia.

Popote mtakapoona au kusikia haya, chukueni hatua mara moja:

- soketi au swichi ya moto, au iliyobadilika rangi
- harufu ya plastiki inayoungua
- mlio wa kunguruma au cheche
- taa zinazofifia kila mtu anapowasha kitu
- breka inayojizima mara kwa mara

Breka inayojizima haijaharibika. Inawaambia kuna tatizo. Msiizuie isijizime, na msiweke waya wa shaba badala ya fyuzi.

Swichi kuu iwe ya kufikika

Katika nyumba nyingi mita na swichi kuu viko ndani ya chumba cha mwenye nyumba, ndani ya chumba cha mpangaji mmoja, au nyuma ya geti lenye kufuli. Siku za kawaida hilo halisumbui. Siku mtoto atakaponaswa uani, na aliye na ufunguo yuko kazini, dakika chache za kumtafuta zitatosha kumpoteza mtoto.

Hili ndilo jambo la kwanza la kukubaliana katika nyumba yenu, kabla ya kununua chochote:

- Swichi kuu iwe mahali ambapo mtu mzima yeyote anaifikia ndani ya nusu dakika, mchana na usiku.
- Kama lazima kuwe na kufuli, ufunguo wa pili utundikwe mahali ambapo wapangaji wote wanapajua.
- Pasiwe na magunia, majiko ya mkaa wala ndoo mbele yake.
- Kila mpangaji mpya aonyeshwe siku anayohamia. Dada wa kazi na vijana wakubwa waonyeshwe pia.
- Andikeni ukutani kando yake: ZIMA HAPA. Chini yake andikeni namba ya zimamoto, 114, na namba ya huduma kwa wateja ya TANESCO.

LUKU ikiisha, msidanganyike

Nyumba nyingi huchangia LUKU moja. Uniti zikiisha, watu huona umeme umekwisha na huanza kushika nyaya: mmoja anabadilisha holda ya koridoni, mwingine anaunga waya wa pampu. Wakati huohuo mpangaji mwingine amenunua umeme kwa simu na anaingiza namba kwenye mita. Umeme unarudi ghafla mikononi mwa mtu.

Kanuni ni moja: asiguse mtu waya wowote mpaka swichi kuu imezimwa kwa mkono, na mtu mmoja amesimama hapo kuhakikisha hakuna anayeiwasha.

Umeme unapokatika pia, chomoa pasi na hita. Pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda au meza ya koridoni itapata moto umeme ukirudi, hata kama hakuna mtu.

LUKU inaweza pia kuwasaidia kugundua umeme unaovuja. Zimeni na mchomoe kila kitu katika vyumba vyote, lakini msizime swichi kuu. Kisha tazameni taa ndogo ya mita inayomweka kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kumweka, kuna kifaa mlichokisahau, kuna mtu ameunga umeme wenu, au umeme unavuja mahali. Fundi aangalie. Ikiacha kumweka, msichukulie kwamba nyumba yote ni salama, kwa sababu jaribio hili haligundui kila tatizo.

Kifaa kinachookoa maisha

Breka ya kawaida hulinda waya usiungue. Haimlindi mtoto. Breka ya ampea 20 haitajizima kwa sababu ya milliampea 30 zinazopita mwilini mwa mtu, kwa kuwa kwake hizo ni kidogo mno.

Kinachomlinda mtu ni kifaa cha kukata umeme unaovuja. Mafundi hukiita RCD au RCCB. Kilichopangwa kwa milliampea 30 hukata umeme wote kwa sehemu ndogo ya sekunde kikihisi kuwa umeme unapita njia isiyo yake, kwa mfano kupitia mwili wa mtu kwenda ardhini. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyezeni angalau kila miezi mitatu. Umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, kifaa kimekufa na kibadilishwe.

Cha pili ni eathi: waya wa kijani na njano unaoelekea kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini. Kama fimbo imeng'olewa na kuuzwa vyuma chakavu, au waya wake umekatwa, friji au pampu yenye hitilafu inaweza kubaki na umeme kwenye bodi yake ikimsubiri wa kuigusa. Muulizeni fundi awaonyeshe eathi ya nyumba yenu ilipo, naye aipime.

Nani anawajibika

- TANESCO inashughulikia nguzo, waya unaokuja nyumbani na mita. Waya wa nguzo ukilegea au mita ikitoa cheche, waiteni wao. Msiguse.
- Mwenye nyumba anashughulikia nyaya zote baada ya mita: za vyumbani, koridoni, chooni na uani.
- Mpangaji anashughulikia vifaa vyake, na hapaswi kuunga waya wa ziada kwa siri.

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombeni awaonyeshe leseni kabla hajaanza. Fundi wa bei rahisi anayeunga waya kwa kusokota na tepu huwaachia tatizo mtakalolilipia tena.

Eneo la pamoja huharibika kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake ameshasema. Chagueni mpangaji mmoja awe msimamizi wa umeme kwa miezi mitatu, kisha apokee mwingine. Kazi yake si kutengeneza. Kazi yake ni kukagua, kuandika na kumfikishia mwenye nyumba taarifa.

Ujumbe kwa mwenye nyumba ni bora uwe wa maandishi, wa heshima, na wenye siku. Unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo baba. Sisi wapangaji wako tumekagua uani leo Jumapili. Waya wa taa ya choo umechubuka na unagusa bati. Tumeizima taa hiyo na tumewakataza watoto kusogea. Tunaomba fundi mwenye leseni aje kabla ya Jumatano. Tuko tayari kukutana naye. Ahsante."

Ambatanisha picha. Asipojibu na hatari ipo, nendeni kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa zaidi ya mpangaji mmoja. Anayekwenda peke yake huonekana mgomvi. Nyumba nzima ikienda, inasikilizwa.

Wakati mkisubiri, zimeni sehemu yenye hitilafu na mtumie tochi. Usiku mmoja wa giza chooni ni nafuu.

Mtu akipigwa na umeme

1. Usimguse. Hata kama ni mwanao. Ukimshika, mtanaswa wawili na hakutakuwa na wa kuwaokoa.

2. Zima swichi kuu. Piga kelele ili mwingine azime wakati wewe unabaki kuwazuia watu wasimguse.

3. Kama kuzima kumeshindikana kabisa, na ni umeme wa ndani ya nyumba, simama juu ya kitu kikavu kama mbao au plastiki, kisha usukume waya mbali naye kwa mpini mkavu wa fagio. Usitumie chuma wala kitu chenye unyevu.

4. Akiwa ametengana na umeme, mwite na utazame kama anapumua. Tuma mtu atafute usafiri na msaada.

5. Kama hajibu na hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua. Mlaze chali mahali pagumu. Kandamiza katikati ya kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto, kifua kishuke kama theluthi moja ya unene wake; tumia kiganja kimoja, au vidole gumba viwili kwa mtoto mchanga. Kama umefunzwa, mpe pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Usiache mpaka aanze kupumua au wahudumu wa afya wampokee.

6. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu. Kama ameanguka kutoka juu, epuka kumgeuza shingo.

7. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi.

Usimfukie mtu mchangani, usimmwagie maziwa, wala usimnyweshe kitu. Mambo hayo hayatoi umeme mwilini. Ukishazimwa, hakuna umeme unaobaki ndani yake, na unaweza kumgusa bila hofu.

Kwa nini aende hospitali hata akionekana mzima

Umeme unaweza kuacha alama ndogo kwenye ngozi na kuunguza misuli ndani. Unaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo. Wahi zaidi kama alizimia, alipata degedege, ana maumivu ya kifua, moyo unamwenda mbio, mkojo umekuwa mweusi, au alikuwa kwenye maji.

Mama mjamzito aliyepigwa na umeme aende kliniki siku hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri. Mtoto tumboni anahitaji kupimwa. Kama mtoto anacheza kidogo kuliko kawaida, arudi bila kusubiri tarehe.

Mtoto mdogo aliyetafuna waya anahitaji uangalizi wa pekee. Kidonda huwa kwenye pembe ya mdomo na huenda kisiume sana. Kigaga kikidondoka, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14, mshipa wa damu wa mdomo unaweza kufunguka na kutoa damu nyingi. Hilo likitokea, bana mdomo kwa kitambaa safi, kidole kimoja ndani na kimoja nje, na uende naye hospitali huku umebana.

Moto, mvua na waya ulioanguka

Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima swichi kuu kama unaifikia salama, toa watoto nje, piga 114. Moto mdogo unaweza kuzimwa kwa mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Kukiwa na moshi koridoni, inameni chini mnapotoka.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, rudieni ukaguzi. Maji yakianza kuingia ndani, zimeni swichi kuu mapema, wakati sakafu bado ni kavu. Usizime ukiwa umesimama majini.

Waya wa nguzo ukianguka, kaeni angalau mita 10 mbali, zuieni watoto, na muite TANESCO. Msiuguse kwa fimbo yoyote. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa kuburuta miguu yote miwili ikiwa pamoja, bila kupiga hatua ndefu.

Mfundishe mtoto

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kujifunza mambo matatu: waya haushikwi, soketi haitiwi kidole wala kijiti, na mtu akinaswa tunakimbia kumwita mkubwa. Yarudieni kwa maneno yaleyale katika vyumba vyote, ili mtoto asisikie jambo moja kwa mama yake na jingine kwa jirani. Watoto wa uani mmoja hucheza pamoja, na hukatazwa vizuri zaidi wakikatazwa na wazazi wote.

Anzeni leo na swali moja kwa kila mtu mzima wa nyumba yenu: "Swichi kuu iko wapi?" Kama kuna asiyejua, mpelekeni akaione.